Doa la Moto

Saa tano za usiku, Kavala, meza ya jikoni,
kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau,
miwani mbili usoni pangu, moja juu ya nyingine.
Thrasos amekaa mkabala, mikono magotini,
kama mtoto anayengoja kunyolewa.

Vidole vyake vimekataa. Miaka thelathini na mmoja
alibeba marobota ya tumbaku pale ghalani,
leo hawezi kushika waya mwembamba kama singa ya farasi.
Mimi nilikuwa fundi cherehani. Uzi naujua.
Waya ni uzi wenye kisirani.

Kwanza wavu wa chuma, kipande cha upana wa dole gumba.
Nimeuviringisha kwenye sindano ya kufumia
hadi ukafanana na sigara.
Thrasos akacheka, akakohoa, akasema: tumerudi kulekule.
Nikauchoma kwa kiberiti cha gesi, nikauzamisha majini, chsss,
nikauchoma tena, mara saba, hadi mng'ao ukafa
ukabaki na rangi ya birika kuukuu.
Mwanetu Lazaros alinionya kwa simu kutoka Stuttgart:
Mama, chuma kitupu ni msaliti.
Umeme ni mvivu, ukiona pa kukatisha unakatisha.
Wavu uuvishe ngozi ya moto kwanza, ndipo uuvishe waya.

Basi, mizunguko mitano. Nakaza skrubu ya chini,
nazungusha, nakaza ya juu.
Thrasos anabonyeza kitufe.

Ule wa juu! Ule wa juu peke yake
unaiva mwekundu, unakaribia weupe,
na ile minne mingine imelala
kama wapangaji siku ya kodi.

Nilidhani dawa ni kukaza. Kilicholegea, kaza:
ndivyo nilivyolelewa. Nikavuta.
Waya ukakatika, ukamrukia paka.

Wa pili, mguu wake wa juu ulikuwa mrefu mno,
ukaning'inia hewani, mbali na utambi,
bila tone la kuupoza.
Wa tatu, kosa la mkasi wangu: ukingoni mwa wavu
unyuzi mmoja ulichomoza, mtupu, ukamgusa jirani,
cheche, na harufu ya senti iliyoungua.
Wa nne sisemi.
Wa nne niliutukana kwa Kiponto cha bibi yangu,
ambacho Thrasos, miaka yote hii, hakijui.

Saa saba kasoro. Akasema: Evanthia, acha.
Nitavuta moja tu. Moja ya kawaida.
Nami najua pakiti ilipo, nyuma ya kopo la oregano.
Hajui kwamba najua.

Sikujibu. Nikakata waya wa tano.

Huu sikuuvuta. Niliulaza
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani,
ukiogopa hata pumzi yako.
Bonyeza, nikasema. Achia. Bonyeza. Achia.
Ule wa juu ukaanza ukorofi wake;
nikausukuma kwa ncha ya sindano, kidogo,
kidogo kuliko neno kidogo.
Bonyeza. Bado. Nikadondoshea tone, likachemka, likakauka.
Achia. Nikausukuma tena, upande wa pili.
Bonyeza.

Wekundu ukatokea katikati,
ukatembea juu, ukatembea chini, bila haraka,
kama taa zinazowashwa ghorofa kwa ghorofa
na mtu anayerudi nyumbani.

Hakuna aliyepiga makofi. Paka alikuwa chini ya kabati.
Thrasos akavuta, mvuke ukajaa juu ya malimau,
ukanuka tufaha la dukani, tamu ya uongo.
Akakohoa. Kidogo.
Lazaros anasema baada ya siku tisa wavu utaziba,
nitauchoma upya, na doa litarudi, huenda mahali pengine.

Kopo la oregano sikuligusa.
Kitandani nimeweka sikio mgongoni kwake,
nasikiliza polepole, ubavu kwa ubavu,
natafuta panapochemka kuliko pengine.